Matuta Sitini Bila Majina

Nairobi, 18 Januari 1999

Kwa shemeji yangu Mama Janeffer,

Chamgei. Naamini barua hii imekukuta mzima, wewe na ndugu yangu Kipkurui na watoto. Huku jua ni kali na maji ya bomba yanakuja mara mbili kwa wiki, lakini tunaendelea. Mguu wa mama unaendeleaje? Krismasi nilimwona akichechemea na kukataa fimbo ati fimbo ni ya wazee. Mwambie nitamletea yenye rangi.

Sasa nije kwa neno lenyewe. Ndani ya bahasha kuna disketi. Kuna virusi vipya vinavyotembea kwenye kompyuta za maofisi. Vinajificha ndani ya faili na kuhama kwa disketi kutoka ofisi moja hadi nyingine, na ile dawa niliyowawekea hapo kwenye nasari ya miche mwaka jana haivitambui. Hii ni dawa mpya. Imefika kutoka ng'ambo wiki iliyopita, na nimekutumia wewe kati ya wateja wa kwanza kwa sababu ni wewe.

Ingiza disketi, andika maneno niliyoweka kwenye karatasi, kisha ngoja. Ikimaliza kompyuta, pitisha pia disketi zako zote za nakala. Hata moja isibaki, maana virusi vikibaki kwa moja vitarudi kote.

Msalimie Kipkurui. Mwambie trekta si ng'ombe, haihitaji kupigiwa kelele.

Ni mimi shemeji yako,
Nicholas Kipyegon


Mogogosiek, 2 Februari 1999

Shemeji Nicholas,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Mama anatembea mpaka kwa zizi na kurudi. Ng'ombe yule mweusi amezaa ndama jike, na Janeffer amempa jina la mwalimu wake, tukamkataza, hasikii. Kipkurui yuko salama.

Nicholas, kumeharibika.

Nilifanya kama ulivyoandika. Dawa ilizunguka karibu saa nzima, halafu skrini ikasema imepata virusi katika faili tatu na imezisafisha. Nikafurahi. Nikapitisha disketi ya nakala ya kwanza, ya pili, ya tatu, kila moja na matuta yake ishirini. Kote ikasema imesafisha. Nilipofungua daftari la matuta nikakuta hakuna kitu. Jina la faili lenyewe halipo. Nikaweka disketi ya kwanza, hakuna. Ya pili, hakuna. Ya tatu, sikutaka hata kuangalia.

Unajua vile nasari yetu ilivyo. Tuna matuta sitini ya miche ya chai, na kila tuta lina kibao cha namba tu. Aina ya mche, ambayo nayo huitwa kwa namba yake, iko kwa kompyuta tu. Namba Saba inavumilia baridi ya huku juu. Namba Ishirini inataka joto, hiyo ni ya wakulima wa kuteremka Sotik na wale wa upande wa Fort Ternan. Kuna Namba Tatu na Namba Kumi na Moja pia. Mwezi wa nne wakulima wanakuja kuchukua. Mtu akipanda Ishirini huku juu, itakaa kama imeshika, halafu baridi ya mwaka wa pili iichome. Atakuwa amepoteza shamba na miaka.

Mashine ya kuchapa haina utepe tangu Novemba, kwa hivyo hakuna nakala ya karatasi. Bwana Oyugi, meneja, ameleta fundi kutoka Kericho mjini. Huyo fundi amefuta kompyuta yote na kuanza upya, sasa hata humo hakuna cha kutafuta.

Niambie cha kufanya. Nangoja barua yako kuliko ninavyongoja mvua.

Monicah Adoyo


Nairobi, 11 Februari 1999

Shemeji,

Nimepata barua yako. Nimefurahi kusikia habari za ndama. Mimi ni mzima, kazi ni nyingi.

Kuhusu ile kompyuta, pole. Inawezekana kulikuwa na kosa katika kuandika yale maneno. Je, ulibonyeza kitu kingine dawa ilipokuwa ikizunguka? Umeme ulipotea? Jaribu kukumbuka. Kampuni itatuma disketi nyingine mwezi wa tatu.

Mwambie mama nimemkumbuka.

Nicholas


Mogogosiek, 25 Februari 1999

Shemeji,

Hatujambo. Mama hajambo. Mvua bado.

Sikubonyeza kitu na umeme haukupotea. Nilikaa na mikono mapajani kama niko kanisani.

Ijumaa iliyopita nilienda Litein kukupigia simu. Nilipanga foleni kwa kibanda tangu asubuhi. Msichana wa ofisi yenu alisema, "Ngoja kidogo," halafu akarudi akasema, "Hayupo." Nikashukuru nikakata.

Bwana Oyugi amesema wakulima hawawezi kupewa miche isiyojulikana. Ikifika mwisho wa mwezi wa tatu bila daftari, yote itang'olewa na kuchomwa. Watu walidhani atanionea huruma kwa sababu mimi na yeye ni wa kabila moja, tumetoka kando ya ziwa. Hiyo imemfanya awe mkali zaidi, asije akaambiwa anapendelea.

Lakini kuna mama mmoja anaitwa Bitutu, wa kule Chepilat. Yeye ndiye anayekata vipandikizi kutoka kwa miti mama na kuvipanda katika matuta. Hajui kusoma. Jumapili tulipotoka kanisani alinishika mkono akaniuliza, "Ni kweli watachoma watoto wangu?" Nikamwambia hakuna anayejua tuta lipi ni aina gani. Akaniangalia kama mtu aliyeambiwa kwamba hakuna anayejua jina la mtoto wake. Akasema, "Mimi najua."

Tangu siku hiyo, kila jioni anapita kwangu na majani kwa kikapu, tuta moja moja. Janeffer humfuata kwa matuta akitoka shule, ananakili namba ya kibao kwa kipande cha karatasi na kukifunga kwa kila fungu. Namba Saba jani lake linasimama kama sikio la sungura. Namba Tatu kikonyo chake kina wekundu. Namba Ishirini ukipitisha chipukizi lake kwa mdomo hakuna manyoya, ni laini kabisa, na Kumi na Moja ina manyoya kama shavu la mtoto. Mimi naandika kwa daftari la shule.

Sijui kama kuna atakayetuamini.

Monicah


Nairobi, 3 Machi 1999

Mama Janeffer, shemeji yangu,

Nimeandika barua hii mara nne na kuichana. Mtaniwia radhi nisiposalimia mmoja mmoja. Nawasalimu wote.

Hukukosea. Mimi nilijua hukukosea hata nilipokuuliza umeme.

Tarehe 25 Januari, kabla hata hujaandika, wateja wawili walipiga simu wakilia kama wewe. Ile dawa mpya ina kosa. Ikikuta faili yenye amri ndogo ndogo ndani yake, inadhani ni virusi na kuifuta. Daftari lako la matuta lina amri hizo, zile za kupanga miche kwa namba. Unakumbuka nani aliziandika. Ni mimi, nikinywa chai yako, nikijisifu.

Mkubwa wetu alituita, akafunga mlango. Akasema, "Hakuna mtu wa kumwandikia mteja chochote. Disketi nyingine itakuja na mambo yataisha." Nikanyamaza. Nina miaka miwili tu katika kazi hii, na nyumbani kila mtu anasema Nicholas wa kompyuta, Nicholas wa Nairobi.

Siku ile ulipopiga simu nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka kwa Yunia wa mapokezi. Aliziba simu kwa mkono akaniambia, "Ni shemeji yako." Nikatikisa kichwa. Tangu hapo chakula hakina ladha.

Sasa sikiliza vizuri. Faili iliyofutwa kwa disketi haijaondoka kweli. Kompyuta imefuta jina tu, yale maandishi bado yako chini mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Kwa hivyo USIANDIKE chochote kwa zile disketi tatu. Ziweke mbali na redio, sumaku ya spika huziharibu. Nitumie kwa mtu wa kuaminika, nitajaribu.

Na kama kuna jambo lingine unanificha, niambie. Barua yako ya mwisho ilikuwa fupi mahali fulani. Kwa nini Bitutu analeta majani nyumbani, si ofisini?

Nicholas


Mogogosiek, 19 Machi 1999

Nicholas,

Barua yako ya tarehe 3 imenifikia tarehe 17. Sanduku la posta ni la nasari, na mimi siendi nasari. Bilhah, yule anayepika chai ya ofisi, ndiye aliyeiokota mezani na kuniletea ndani ya kitambaa chake. Hapo umepata jibu lako.

Nilisimamishwa kazi tarehe 15 Februari. Barua yangu inasema "uzembe na kuharibu kumbukumbu za wakulima". Sikukuambia kwa sababu nilidhani ungejilaumu, na wakati huo nilikuwa sijui kama unastahili kujilaumu. Sasa najua. Nilikaa na barua yako siku nzima nikiwa na hasira. Nilifua nguo ambazo zilikuwa safi. Kipkurui aliporudi nikampa aisome. Akasoma, akatoka, akapasua kuni nyingi, akarudi akasema, "Angalau amesema."

Sasa habari mbaya. Kabla sijasimamishwa nilijaribu kuandika nilichokumbuka, nikahifadhi kwa disketi ya kwanza, na siku iliyofuata kwa ya pili. Nimeandika juu, kama ulivyonikataza, ila ulinikataza mwezi mmoja baadaye. Ya tatu sijaigusa. Ilikuwa kwa mkoba wangu nilipotolewa ofisini. Hiyo ndiyo ya matuta 41 hadi 60.

Nimemkabidhi Opiyo, dereva wa lori linalopeleka chai Nairobi. Nimeifunga kwa soksi ya Janeffer na kumwambia asiiweke karibu na redio yake. Anasema huko hakuna redio, imeibiwa.

Mimi na Bitutu tumefika tuta la hamsini na nne. Oyugi ameongeza muda mpaka katikati ya mwezi wa nne, kwa kuwa mvua imechelewa.

Kuna jambo moja nakuomba, na silitaji jina. Wewe unalijua.

Monicah


Nairobi, 27 Machi 1999

Shemeji Monicah,

Habari za Kipkurui? Namwogopa sasa, na kuni zake.

Opiyo alifika salama na soksi. Nimeshughulika na disketi siku tatu, wakati wa chakula cha mchana, wenzangu wakiwa nje. Jana saa saba na nusu faili ikafunguka. Matuta 41 hadi 60, yote ishirini, na aina zake. Nilipiga meza mpaka Yunia akaja kuangalia kama nimeanguka.

Nimeyachapa na kufunga katika bahasha ambayo Opiyo atakuletea mkononi, na juu ya gundi nimetia sahihi. Usiifungue. Nimefikiri hivi. Wewe na Bitutu malizeni orodha yenu yote sitini, mumpe Bwana Oyugi kwanza, mkononi mwake, mbele ya watu. Halafu ndipo bahasha ifunguliwe. Yale ishirini yakilingana na ya Bitutu, hakuna mtu atakayekuwa na sababu ya kukataa yale mengine arubaini.

Na lile jambo ulilokataa kutaja, limo ndani ya bahasha ya pili, kwa jina la Bwana Oyugi. Nimemwandikia kwamba kosa lilikuwa katika disketi tuliyotuma, kwamba tulijua tangu Januari, na kwamba mimi binafsi ndiye niliyekuagiza upitishe nakala zote. Nimeweka jina langu kamili na namba ya kitambulisho. Nakala nimeiacha juu ya meza ya mkubwa, ataikuta Jumatatu. Nimewaandikia pia wateja wengine wote waliopata disketi ile. Ni arubaini na watatu. Mkono unauma.

Niombeeni,
Nicholas


Mogogosiek, 16 Aprili 1999

Kwa shemeji yangu mpendwa,

Tunakusalimu sote, na safari hii kila mtu amesema jina lake liandikwe: Kipkurui, mama, Janeffer, Bitutu, na Bilhah ambaye umemjua kwa kitambaa tu. Mvua imefika Jumatano ya wiki iliyopita. Ndama anakunywa vizuri.

Jumatatu tuliingia ofisini mimi na Bitutu. Wazee watano wa kamati ya wakulima walikuwepo. Nikampa Bwana Oyugi daftari la shule. Akalifungua kama kitu kilichotoka chooni.

"Hii ameandika nani?"

"Nimeandika mimi. Aliyeyajua ni Bitutu."

"Bitutu yupi?"

Bitutu alikuwa amesimama mbele yake na kofia yake ya plastiki mkononi.

Nikampa barua uliyomwandikia. Aliisoma mpaka mwisho, akairudia, akavua miwani. Mzee mmoja akaiomba, akaisomea kamati kwa sauti, akitafsiri kwa Kipsigis pale penye maneno ya kompyuta. Sijui alitafsirije, ila waliguna pale pale panapotakiwa.

Halafu bahasha. Mzee akawa anasoma namba, mimi nasoma ya Bitutu. Arubaini na moja, Saba. Saba. Arubaini na mbili, Ishirini. Ishirini. Nicholas, mimi nilikuwa nafuata kila mstari kwa kidole, lakini Bitutu alikuwa anaangalia dirishani kama mtu anayengoja gari.

Yakalingana kumi na nane. Hamsini na moja alikosea, alisema Tatu na ni Kumi na Moja, akakubali: "Hilo tuta liko chini ya mti, kivuli kimenidanganya." Tuta la hamsini na saba orodha yako ilisema Tatu, yeye akasema Saba. Oyugi akasema, "Basi makosa ni mawili."

Bitutu akasema, "Hapana. Moja."

Akasema mwezi wa nane mbuzi waliingia wakala tuta la hamsini na saba lote, naye akapanda upya kwa Saba, kwa sababu ndiyo iliyokuwa imekatwa siku hiyo. Mwezi wa nane nilikuwa likizo ya uzazi, na hakuna aliyeandika. Tukatoka nje sote kwenye matope, wazee na miavuli yao, mpaka hamsini na saba. Majani yalikuwa yamesimama kama masikio. Kompyuta ndiyo iliyokosea.

Bwana Oyugi aliinama pale kwa tuta akagusa jani moja. Halafu akamuuliza Bitutu, "Umefanya kazi hapa miaka mingapi?"

"Kumi na moja."

"Na mimi nina minne," akasema, na sauti yake ilikuwa ya chini.

Mimi nimerudishwa kazini tangu Jumanne. Hajaniomba msamaha kwa mdomo. Amenifungulia kufuli la simu na kuniambia nipige ninapotaka. Bitutu sasa atazunguka na mimi kila mwezi na daftari la karatasi, pembeni ya kompyuta, na jina lake litaandikwa chini ya kila ukurasa. Wakulima wa Fort Ternan walikuja jana na lori, wakachukua Ishirini yote. Mmoja alimuuliza Bitutu kama ana hakika. Alimwekea jani mdomoni.

Nilipiga simu ofisini kwenu jana. Yunia akasema, "Hayupo." Nikamwambia wacha mchezo. Akasema, "Safari hii kweli hayupo."

Uko wapi?

Monicah


Nairobi, 3 Mei 1999

Mama Janeffer,

Barua yako Yunia aliniletea nyumbani. Nimeisoma mpaka ninajua matuta kwa namba. Mshike Bitutu mkono kwa niaba yangu.

Niko salama. Mkubwa aliisoma ile nakala na akaniambia nikusanye vitu vyangu kabla ya saa nne. Nilikusanya, si vingi. Nilitembea mpaka Uhuru Park nikakaa kwenye majani na sanduku la vitu magotini, nikijiuliza nitamwambia mama nini.

Lakini zile barua arubaini na tatu zimeanza kujibiwa. Wengine wametukana, wana haki. Kumi na mmoja wamesema asante kwa kuwaambia, kwa sababu walikuwa wamewafukuza au kuwaonya watu wao bure. Karani mmoja Nakuru amerudishwa kazini kama wewe. Na kati ya hao kumi na mmoja, wanne wameniuliza kama ninaweza kuwafanyia kazi mwenyewe. Wawili wako Kericho mjini. Kuna mtu wa studio ya picha hapo mjini ambaye atanipa kona na meza. Kila dawa mpya ikifika nitaijaribu kwanza kwa kompyuta yangu, kwa faili zangu, siku saba, ndipo mteja aione. Nikikosea nitakuja kusema kwa miguu yangu.

Natarajia kuja mwisho wa mwezi. Tafadhali umwandae mama polepole. Yeye anakusikiliza wewe. Mwambie kuhusu kazi, utajua maneno.

Nicholas


Mogogosiek, 12 Mei 1999

Shemeji Nicholas,

Sote tuko wazima, na mvua ni ya kutosha. Kipkurui amesema chumba cha nyuma ni chako mpaka upate chako, na kwamba utapasua kuni. Bwana Oyugi anataka kuwa mteja wako wa kwanza Kericho. Nimemwambia apange foleni kama watu wengine.

Mama anajua unakuja. Ametia mursik mpya kibuyuni, yale maziwa ya mgando unayoyapenda, na ameambia kanisa zima. Jumapili aliniuliza kama umepewa likizo. Nikamjibu kwamba Nicholas ana habari, na habari hiyo ni yake.

Sitamwambia, shemeji. Utamwambia wewe, ukiwa umekaa karibu naye, na mimi nitakuwa jikoni nikiweka chai. Si jambo kubwa kama unavyodhani. Alishaniambia tangu Krismasi kwamba Nairobi imekukondesha.

Njoo.

Monicah Adoyo